Mwaka Niliomwonea Wivu Sista Nafula

Mwaliko ulikuja kwa simu ya mume wangu, haukuja kwa yangu, na hilo peke yake lilitosha kuniharibia asubuhi. Tulikuwa dukani kwetu Moiben, mimi napima chakula cha ng'ombe kwa ndoo, yeye ameegemea kaunta. Alisoma kwanza kimya, kisha akasoma tena kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma somo kanisani: Sista Nafula anastaafu, sherehe ni nyumbani kwake Ainabkoi, wagonjwa wake wa zamani wote wanakaribishwa pamoja na jamii zao. "Lazima twende, Mama Njeri," akasema. "Huyo mama ndiye alinirudisha." Nikamwambia sawa, nikaendelea kupima. Nina miaka arobaini na miwili. Nimeishi na Kamau vizuri kuliko wanawake wengi ninaowajua. Lakini jina hilo likitoka mdomoni mwake, mpaka leo kuna mahali hapa chini ya mbavu panapokaza, kama nguo iliyofuliwa ikarudi ndogo. Ndiyo sababu nauandika mwaka ule. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na nilimwonea wivu mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye miwani ya kamba na visigino vilivyopasuka, na wivu ule karibu unizikie mume.

Kamau alianza kukohoa wakati wa kupanda mahindi. Siku ya nne alikuwa anaongea maneno yasiyo na maana, na tulipomfikisha Eldoret midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Nimonia, wakasema, na imeingia kwa damu. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya binafsi, na siku hizi jengo lile ni la maduka, kwa hivyo hakuna ninayemsema vibaya. Walimpeleka chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho kila mtu alikiita ICU tu. Kilikuwa na vitanda sita. Madirisha yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe nusu ya chini, ukabaki unaona mawingu peke yake. Ndani kulikuwa na joto, tofauti kabisa na baridi ya nje, na mashine za kupumua zilikuwa zinavuta na kuachilia, kila moja na mwendo wake. Jamaa wa mgonjwa waliruhusiwa nusu saa mchana na nusu saa jioni. Saa zingine zote nilikaa kwenye benchi kwenye korido, karibu na kidirisha ambapo wauguzi walichukulia chai yao, na ni pale nilipojifunza mengi ambayo hakuna aliyekusudia kunifunza.

Sista Nafula ndiye alikuwa muuguzi wa kitanda cha Kamau. Alikuwa mtu wa Bungoma, mnene kiasi, wa sauti ya chini. Siku ya pili alinikalisha akanieleza kuhusu mashine ndogo iliyoletwa hospitalini kujaribiwa. Haikuwa na sindano wala kisu. Ilikuwa na stika nne tu za kubandika kifuani, mbili juu na mbili chini, na nyaya za kwenda kwa kioo chenye namba. Namba ile ilionyesha moyo unasukuma damu kiasi gani. "Uko na ruhusa ya kukataa," aliniambia. "Na ukikataa, tutamhudumia vilevile." Akaniomba nimrudishie kwa maneno yangu mwenyewe vile nimeelewa. Nikamrudishia. Akaitikia kwa kichwa, nikatia sahihi. Nayasema haya kwa urefu kwa sababu baadaye nilisema hayakutokea.

Siku hiyo jioni aliniacha nitazame. Alisimama chini ya kitanda, akazungusha mkono wa chuma, kichwa cha Kamau kikashuka na miguu ikapanda juu. "Baba Njeri, nainua miguu kidogo, usishtuke," akamwambia, ingawa Kamau alikuwa amelazwa usingizi wa dawa. Kisha akanigeukia. "Presha yake iko chini. Mtu akiona presha iko chini anataka kuongeza maji kwa dripu. Lakini si kila mwili ukipewa maji unayatumia. Moyo mwingine unashindwa kuyasukuma, yanaenda kukaa kwa mapafu. Sasa mimi hapa sijampa kitu. Damu ya miguu ndiyo inarudi kwa moyo. Ni maji yake mwenyewe. Moyo ukiyapokea vizuri, namba inapanda, najua anataka mengine. Isipopanda nashusha miguu, damu inarudi ilikotoka, na hakuna kitu nimeharibu." Tukangoja dakika moja. Namba ikapanda, mbele ya macho yangu, ikapanda tena. Nafula akatabasamu. "Umeona? Ananijibu."

Ananijibu. Sidhani aliwahi kujua neno hilo lilifanya nini ndani yangu. Mimi nilikuwa nimemshika Kamau mkono nusu saa nzima, nimemwita kwa jina lake la utotoni, nimemwambia mvua imenyesha vizuri na mahindi yameota, na namba ile ilikaa palepale kama jiwe. Yeye akazungusha chuma, ikaruka. Nilitoka pale nikijiambia kwamba ni damu tu, ni mambo ya miguu na moyo, hata mfu angeinuliwa miguu damu ingeteremka. Lakini siku iliyofuata nilimshika mkono tena, jicho likiwa kwenye kioo, nikamminya vidole kwa nguvu, na nilipoona hakuna mabadiliko nilimkasirikia. Nilimkasirikia mgonjwa! Halafu Nafula akaja, akamwambia "Baba Njeri, ni mimi," na mimi nikaona, au nikadhani nimeona, kope za mume wangu zikitikisika.

Nilikuwa nimepewa mahali pa kulala mtaa wa West Indies, hapohapo Eldoret, kwa rafiki yangu wa kanisa anayeitwa Rosa, aliyeolewa na karani wa mahakama. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na mimi nililala sebuleni, pazia la maua likitutenganisha. Rosa alinipikia kama mtu aliyefiwa: chapati na ndengu, ugali na kunde za maziwa, chai ya kujaa flaski ya kubeba hospitalini. Nilikula kidogo, nikaongea sana, na nilichoongea kilikuwa Nafula. Nafula anamwita Baba Njeri kama amezaa naye. Nafula amejua ana kovu kwenye kidole cha mguu, ameniuliza lilitoka wapi. Nafula anasema mgonjwa wangu. Asubuhi moja nikiwa nakunja blanketi nikamsikia Rosa nyuma ya pazia akimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Ati anamwonea nesi wivu. Na huyo nesi ni mama ya watu, miwani iko kwa kamba!" Mumewe akacheka, kijiko kikigonga kikombe. "Si angeshukuru tu ako hai?" Nilikunja blanketi lile mara tatu. Kinachoniuma nikikumbuka ni kwamba walikuwa sahihi, na mimi nilijua wako sahihi, na nilitoka pale nikiwa na wivu ule ule, sasa umeongezewa aibu.

Siku ya kumi na moja niliingia mchana nikamkuta Kamau amenyolewa ndevu. Kucha zimekatwa. Nywele za kando ya masikio zimesawazishwa. Alikuwa anapendeza, hata na mpira wa kupumulia mdomoni. Sasa, tangu tuoane, nywele za Kamau nilikuwa nazikata mimi. Jumapili alasiri, kiti nje, taulo shingoni, yeye akilalamika kwamba nitamkata sikio. Hakuna kinyozi aliyewahi kumgusa. Nafula alikuwa anakausha wembe kwa pamba. "Nimemtengeneza kidogo," akasema, amefurahi kweli. "Ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka hapa kwa mpira." Nikamwambia asante. Nikamaliza nusu saa yangu. Kisha nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Madam Jepkorir, aliyekuwa mkuu wa wauguzi, nikamwambia mume wangu anajaribiwa mashine na mimi sikuelezwa kitu.

Madam aliweka kalamu chini. Mambo ya utafiti, niligundua pale, hayafanyiwi mchezo. Alimwita Nafula, akatoa fomu yenye sahihi yangu, akaniuliza mbele yake, "Mama, ulielezwa kuhusu mashine hii kabla hujatia sahihi?" Ningeweza kusema nilielezwa lakini nimebadilisha nia. Ilikuwa haki yangu, na hakuna ambaye angeumia. Nikasema, "Hapana. Niliambiwa weka sahihi hapa." Nafula alinitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena kama kwamba alitaka kuhakikisha ni mimi. Saa hiyohiyo stika zilitolewa, zikaacha alama nne za duara, nyekundu, kwenye kifua cha Kamau, na Nafula akapelekwa chini kwenye chumba cha kufunga vidonda mpaka jambo lichunguzwe. Na mimi nilifanya nini? Nilirudi kwenye benchi, nikafungua chakula cha Rosa, nikala chote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Kamau augue nisikie ladha ya chakula.

Furaha ile haikufika siku mbili. Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye bidii, na simlaumu. Presha ya Kamau ilishuka, akaongeza maji. Ikashuka tena, akaongeza tena. Hakuna aliyemwinua miguu kwanza kuuliza moyo kama unayataka. Jioni ya pili niliingia nikapita kitanda chetu, nikidhani ni mtu mwingine. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa mistari miwili. Vidole vilikuwa kama vya mtoto mnono, na pete yetu ilikuwa imekatwa kwa koleo, wakaniwekea vipande viwili kwenye bahasha. Kutoka kwenye mpira wa kupumulia kulikuwa kunafyonzwa povu jepesi la waridi. Mashine ilikuwa imeongezwa oksijeni karibu na mwisho wake. Nilimgusa mkono, kidole changu kikaacha shimo, na shimo halikujaa.

Nikatoka nikakaa. Kwenye kidirisha cha chai wauguzi wawili walikuwa wanangoja maziwa yachemke, na walinipa mgongo. "Lita ngapi tangu jana?" mmoja aliuliza. Mwingine akataja. "Na mkojo?" "Karibu hakuna." Mwenzake akateremsha maziwa. "Kama Nafula angekuwa kwa hicho kitanda, haya maji yangesimama jana mchana." "Wacha. Bibi ya mgonjwa ndiye hakumtaka." Walibeba vikombe vyao wakapita mbele yangu, na mmoja akaniamkia vizuri kabisa, "Pole, mama," na hiyo pole ndiyo iliyonisimamisha.

Nilimkuta Nafula anakula, peke yake, kwenye kiti cha wagonjwa, kati ya ndoo ya bandeji na meza ya makasi. Ugali baridi na sukuma kwenye mkebe. Sikumwamkia. Nikamwambia, "Sista, amejaa maji. Njoo umuinue miguu." Akatafuna, akameza. "Mimi sina ruhusa ya kuguza huyo mgonjwa." "Nimekuja kukuomba msamaha." "Hapana," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Umekuja kuniomba nikuponyee bwana. Hayo mawili usiyachanganye. Msamaha utaniomba siku ingine. Saa hii panda juu kwa Madam, useme ukweli, uandike, uweke sahihi. Mimi nitamaliza kula." Nilisimama pale sekunde chache nikitaka jambo lingine, sijui nini, labda anishike mkono. Akafunika mkebe. "Mama Njeri. Kimbia."

Nilikimbia. Niliandika kwa mkono wangu kwamba nilielezwa, nilielewa, na nilidanganya. Madam Jepkorir alisoma akasimama na karatasi mkononi, na kabla hajanifokea, kwa maana alinifokea baadaye, alipiga simu chini. Nafula alipanda ngazi akihema. Alibandika stika nne juu ya zile alama nne, akamwambia daktari kijana, "Nipe dakika mbili tu, daktari," akazungusha chuma. Miguu mizito ile ikapanda. Sote tulitazama kioo. Namba haikusogea. Haikusogea kwangu, na sasa haikusogea kwake pia, na nitawaambia ukweli wa moyo wangu, kwa sababu kama sitausema kuandika huku hakuna maana: kabla ya hofu kunifikia, kilichotangulia kilikuwa raha. Ndogo, ya kufumba na kufumbua. Halafu Nafula akasema, "Hataki maji tena huyu. Anataka kukojoa," na daktari akafunga dripu, akaagiza dawa ya kutoa mkojo, na mimi nikaona aibu kwa raha ile.

Ilichukua siku tisa. Nafula alimwinua miguu asubuhi na jioni, akiandika, akishusha, na mfuko uliokuwa unaning'inia kando ya kitanda ukajaa na kumwagwa, ukajaa tena. Uso wa Kamau ulirudi polepole, pua kwanza, kisha macho. Siku walipotoa mpira wa kupumulia nilikuwa nimesimama kichwani kwake na Nafula miguuni, na neno lake la kwanza lilikuwa "Maji." Daktari kijana akacheka mpaka akashika ukuta. Nafula hakucheka. Alilowesha pamba akaipitisha midomoni mwake, na Kamau, akimtazama yeye, akasema, "Asante, Sista." Kumbe sauti yake aliijua. Majuma matatu alikuwa anaisikia.

Kwa hivyo alirudi Moiben hai, na mimi nikaishi na Nafula nyumbani mwaka mzima bila yeye kukanyaga mlango wetu. Sista Nafula alisema nisibebe gunia. Sista Nafula alisema nitembee kidogo kila jioni. Alipoenda kliniki alivaa shati jipya, na mimi nikahesabu vifungo alivyofunga. Nilichukua simu yake nikakuta ujumbe mmoja tu kwake, "Mungu akubariki, dawa nimemaliza," na jibu, "Amen, salimia Mama Njeri." Salamu hiyo hakuniletea. Huenda alisahau. Mimi nililala nayo miezi. Wakati wa kuvuna alichagua mahindi mazuri kuliko yote, akajaza gunia moja, akampelekea. Nilishona mdomo wa gunia lile kwa mikono yangu. Kila alipoondoka kwenda mjini nilijua leo Nafula atamwambia, na kila aliporudi anapiga mluzi nilijua hajamwambia, na sikujua ni lipi baya zaidi, kwa sababu sasa kulikuwa na mwanamke anayejua moyo wa mume wangu na anayejua wangu pia.

Tulienda Ainabkoi. Mahema yalikuwa mawili kando ya shamba la viazi, chai ilikuwa ya maziwa mazito, na nyama ilikuwa ya kutosha watu mara mbili. Nafula amekuwa mwembamba, na kamba ya miwani bado ipo. Kamau alipewa kipaza sauti akasema mama huyu ndiye alimzaa mara ya pili, na watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi, chini ya mbavu pakikaza. Nilijitoa nikaenda kusaidia jikoni. Alinifuata. Tulisimama kando ya sufuria za pilau, wanawake wengine wakiosha sahani nje.

"Kwa nini hukumwambia?" nikamuuliza.

"Nimwambie nini?"

"Unajua nini."

Akafunika sufuria. "Alikuwa mgonjwa. Mtu mgonjwa haambiwi vitu kama hivyo. Halafu akapona, ikawa si kazi yangu." Akanitazama. "Wenye ile mashine walikuwa wameniahidi masomo, ng'ambo, mwaka mmoja. Waliposikia kulikuwa na malalamiko, hata baada ya barua yako, walichukua mtu mwingine. Hiyo ulijua?"

Sikujua. "Sista, nisamehe."

"Sijakusamehe, Mama Njeri," akasema kwa upole uleule aliokuwa akimwambia Kamau asishtuke. "Nilijaribu. Wagonjwa walikuwa wengi nikaacha kujaribu. Lakini sina chuki. Beba hizo sahani tuwapelekee watu chakula." Nikabeba.

Tulipokuwa tunarudi, jua likiwa bado juu, nilimwambia Kamau asimamishe pikapu kando ya barabara. Nilimweleza yote: kunyolewa kwake, uongo wangu, maji, barua, masomo ya Nafula. Nilieleza nikitazama ng'ombe wa watu ng'ambo ya uzio. Nilipomaliza nilidhani atanishusha palepale. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Ungekaa kimya ningekufa," akasema. "Ulienda ukasema. Kwa hivyo ni wewe ulinitoa."

Miaka kumi na minne nilikuwa nimengoja asikike akisema maneno hayo, kuhusu mimi, kwa sauti ile.

"Hapana," nikamwambia. "Ni Nafula."

Kisha nikangoja anibishie. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akawasha gari.